Miungu ya Wagiriki katika Mitaa ya Mchafukoge

Mchafukoge ni kata ya katikati ya jiji la Dar es Salaam. Jirani yake kuna viwanja vya Mnazi Mmoja, na ukivuka hapo umeingia Kariakoo, kwenye soko. Mtu wa kijijini anayekwenda mjini kununua vitenge, vipuri vya baiskeli au dawa, hakosi kupita mitaa hii. Huko ataona misikiti na makanisa. Akisogea kidogo upande wa Kisutu ataona mahekalu ya Wahindu. Hizo ni nyumba za ibada, na waumini wanaingia humo kila siku.

Lakini katika mitaa hiyohiyo ipo miungu mingine isiyo na nyumba ya ibada hata moja. Imo kwenye kibao cha duka la dawa. Imo kwenye kiatu kinachoning'inia mlangoni mwa duka. Ni miungu ya Wagiriki wa kale. Watu wanaipita bila kuijua.

Somo letu la leo linauliza maswali mawili. La kwanza, hadithi za miungu hiyo ziliwafaa nini wenyewe waliozitunga? La pili, kwa nini hadithi za wenzetu zinajulikana dunia nzima, na za kwetu nyingi zinazikwa pamoja na wazee wetu?

Kwanza tuelewane. Somo hili si la dini. Hatumwambii mtu aabudu miungu ya Wagiriki. Wagiriki wa leo wenyewe, wengi wao ni Wakristo wa Orthodoksi. Tunazisoma hadithi hizi kama tunavyosoma methali: tunatafuta maana.

WAGIRIKI WA KALE NA MIUNGU YAO

Ugiriki iko kusini mwa Ulaya. Ni nchi ya milima na visiwa. Wagiriki wa kale walilima shayiri, zabibu na mizeituni. Walifuga mbuzi na kondoo. Walivua samaki na kusafiri baharini kufanya biashara. Tena walikuwa na watumwa. Jambo hilo tusilifiche.

Walisema miungu wao wakubwa ni 12, na makao yao ni juu ya mlima Olympus. Hilo halitatushangaza sisi. Wamasai nao wana mlima wao Ol Doinyo Lengai, maana yake Mlima wa Mungu.

Kila mungu alikuwa na kazi yake. Zeus alikuwa mkubwa wao, mwenye mvua na radi. Ndugu yake Poseidon alikuwa na bahari na matetemeko ya ardhi. Ndugu yao mwingine, Hades, alitawala kuzimu. Demeter alikuwa mama wa nafaka. Athena alikuwa na hekima na kazi ya kufuma nguo. Hephaestus alikuwa mhunzi, tena kiwete. Wenzake walimcheka kwa mwendo wake, lakini silaha zao na mapambo yao wote walimtegemea yeye. Hermes alikuwa na biashara, safari na kupeleka habari.

Ukiiangalia orodha hiyo vizuri, unaona nini? Unaona kazi za watu. Mvua, bahari, nafaka, nguo, chuma, biashara. Kila mahali ambapo mtu alitoka jasho au alishikwa na hofu, hapo palikuwa na mungu. Tena miungu wenyewe walikuwa kama watu. Waliona wivu, waligombana, walidanganyana. Walichowazidi watu ni nguvu, na kwamba hawafi.

Wagiriki wengine waliliona jambo hilo mapema. Zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, mtu wao mmoja aliyeitwa Xenophanes alisema kwamba Waafrika huiona miungu yao kuwa ni myeusi, na watu wa kaskazini huiona yao kuwa na macho ya buluu. Akaongeza kuwa hata ng'ombe, kama wangeweza kuchora, wangechora mungu mwenye umbo la ng'ombe. Kwa hiyo ukitaka kuwajua watu wa zamani, sikiliza walivyowasimulia miungu wao.

NYOKA WA DUKA LA DAWA

Sasa turudi mitaani. Kwenye vibao vya baadhi ya maduka ya dawa utaona nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo, au nyoka anayeinamia kikombe. Mtu wa shamba anaweza kushtuka. Nyoka si adui? Anafanya nini mahali pa kuponea?

Fimbo ile ni ya Asclepius, mganga mkuu katika hadithi za Wagiriki. Walisema alikuwa hodari mpaka akaanza kufufua wafu. Basi Zeus akaona mpango wa dunia utaharibika, akampiga kwa radi akafa. Hata hivyo watu waliendelea kumwomba. Katika mji wa Epidaurus palikuwa na hekalu lake kubwa. Wagonjwa walikwenda kulala humo usiku, wakitumaini kuota ndoto ya kuwaponya. Nyoka wasio na sumu walifugwa mahali hapo. Nyoka hujivua ngozi akatoka mpya, ndiyo maana waliona anafaa kuwa alama ya kupona. Shirika la Afya Duniani, lililoanzishwa mwaka 1948, limeiweka fimbo hiyo katika nembo yake mpaka leo.

Na kile kikombe? Ni cha Hygieia, binti wa Asclepius. Baba alitibu ugonjwa ukishaingia. Binti kazi yake ilikuwa kulinda afya ili ugonjwa usiingie. Wagiriki waliwaweka pamoja, baba na binti, wakijua kwamba tiba bila kinga ni kazi nusu. Hapo Mchafukoge inatufaa kwa jina lake. Ligawe jina hilo: mchafu, koge. Yaani aliye mchafu na akaoge. Huyo binti wa Kigiriki angesikia jina la kata hii, angelipenda.

Lakini jihadhari na jambo moja. Ipo fimbo nyingine inayofanana na hiyo, ina nyoka wawili na mabawa juu. Hiyo si fimbo ya mganga. Ni fimbo ya Hermes, mungu wa wafanyabiashara. Jeshi la Marekani liliichagua mwaka 1902 kuwa alama ya matabibu wake, na wengi wakaiga. Kwa hiyo fimbo moja ni ya tiba na nyingine ni ya biashara, na siku hizi zote mbili unaweza kuziona katika mambo ya dawa. Wewe umeshajua kusoma. Usinunue dawa kwa kuangalia nyoka. Soma jina la dawa, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, soma namna ya kuitumia.

HERMES NA NG'OMBE WA KAKA YAKE

Tumemtaja Hermes. Hadithi yake wafugaji wataipenda.

Hermes alizaliwa alfajiri ndani ya pango. Kufika mchana alikuwa ameshatoka nje, akamkuta kobe. Akachukua gamba lake, akalifunga nyuzi, likawa kinubi, akapiga muziki. Jioni akaona njaa ya nyama. Akaenda kwenye malisho ya kaka yake Apollo akaiba ng'ombe 50. Eti mtoto wa siku moja!

Wizi wenyewe ulikuwa wa akili. Aliwaswaga ng'ombe kinyumenyume, ili nyayo zao zionyeshe wanakuja na kumbe wanakwenda. Yeye mwenyewe alijifungia matawi miguuni ili alama zake zisifahamike. Kisha akarudi pangoni, akajifunika nepi zake, akalala kama malaika.

Apollo alipokuja juu kwa hasira, mtoto alisema yeye amezaliwa jana tu, hata ng'ombe ni mnyama gani hajui. Wakapelekana kwa baba yao, Zeus. Zeus alicheka sana, lakini aliamua: mali ya mtu irudishwe. Wakati wa kurudisha, Hermes alipiga kile kinubi. Apollo akalainika. Akasema ng'ombe 50 ni haki kwa kitu kama hicho. Basi wakabadilishana: Apollo akachukua kinubi, Hermes akapewa ng'ombe na fimbo ya dhahabu. Ugomvi ukaisha.

Maana yake nini? Tazama palipoanzia na palipoishia. Palianza na wizi, pakaishia na biashara. Mwizi na mfanyabiashara wote wanataka kitu kilicho mkononi mwa mwenziwe. Tofauti yao ni moja: mfanyabiashara analipa, na mwenye mali amekubali. Ndiyo sababu Wagiriki walimfanya Hermes kuwa mungu wa wafanyabiashara na wa wezi pia. Walijua ukuta unaotenga kazi hizo mbili ni mwembamba.

Tena hawakumwachia Hermes peke yake alinde soko. Katika mji wa Athens palikuwa na wakaguzi 10 wa soko, watano mjini na watano bandarini. Kazi yao ilikuwa kuzuia bidhaa mbovu na udanganyifu. Wengine 10 walikagua mizani na vipimo. Wote walipatikana kwa kura ya bahati, ili nafasi zisiwe za watu fulani tu.

Mkulima anayepeleka viazi au vitunguu Kariakoo anaelewa habari hii bila kuelezwa. Lumbesa anaijua. Gunia linajazwa mpaka juu, linashonewa kilemba, halafu bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza. Lakini sheria humsaidia anayeijua na kupima mzigo wake kabla haujaondoka shambani. Usipopima, huyo mtoto wa pangoni anaswaga ng'ombe wako kinyumenyume.

DEMETER ANAGOMA

Hadithi ya tatu ni ya wakulima.

Demeter, mama wa nafaka, alikuwa na binti mmoja, Persephone. Siku moja binti alikuwa akichuma maua. Ardhi ikapasuka, Hades akatoka kuzimu na gari lake la farasi, akambeba. Kumbe Zeus, baba wa binti, alikuwa ameshakubali ndoa hiyo. Mama mtu hakuulizwa. Binti mwenyewe hakuulizwa.

Demeter alimtafuta siku tisa na mienge mkononi, hali, haogi. Alipojua ukweli, aliacha kazi. Mbegu ikapandwa, haikuota. Ng'ombe wakalima bure. Njaa ikaingia kila nyumba. Watu walipokosa chakula, miungu nao wakakosa sadaka. Zeus akashtuka. Akatuma mjumbe wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja na zawadi zake. Demeter akakataa wote. Alisema atamwona mwanawe kwanza.

Mwishowe Zeus alisalimu amri. Hermes akashuka kuzimu kumrudisha binti. Lakini Hades alikuwa amemlisha mbegu ya komamanga, na aliyekula chakula cha kuzimu lazima arudi huko. Wakakubaliana: theluthi moja ya mwaka Persephone akae chini kwa mumewe, theluthi mbili akae juu na mama yake. Akishuka, nchi inakauka. Akipanda, nafaka inaota.

Kwa hadithi hiyo Wagiriki walieleza majira ya mwaka. Lakini ndani yake mna mambo mengine mawili. Moja ni uchungu wa mama ambaye binti yake ameozwa bila yeye kuulizwa. Katika Ugiriki ya kale baba ndiye aliyeoza binti, na wanawake hawakuwa na sauti katika mikutano ya mji. Hadithi iliwapa sauti ambayo mkutano uliwanyima. La pili ni nguvu ya anayelima. Zeus ana radi, lakini radi hailiwi. Mama wa nafaka alipokunja mikono, mbinguni kwenyewe kulitikisika.

KIATU NA MEDALI

Sasa kile kiatu. Ukipita Kariakoo utaona viatu vimeandikwa Nike. Vingine vya kampuni yenyewe, vingine vya kuiga. Nike ni jina la mungu wa kike wa ushindi. Wagiriki walimchora na mabawa, maana ushindi huruka: leo uko kwangu, kesho kwako.

Michezo ya Olimpiki nayo ilianza Ugiriki, katika mji wa Olympia, kwa heshima ya Zeus. Kwa hesabu ya kale ilianza mwaka 776 kabla ya Kristo. Mwaka 1980, katika Olimpiki ya Moscow, Watanzania wawili walipata medali za fedha: Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Medali hizo zilikuwa na picha ya Nike ameketi.

NA SISI JE?

Hapa ndipo somo letu lilipokuwa linaelekea. Je, sisi hatukuwa na hadithi kama hizi? Tulikuwa nazo.

Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam na vijiji vyake, pamoja na Waluguru, walimjua Kolelo. Pango lake lilikuwa katika milima ya Uluguru. Watu walipeleka sadaka huko kuomba mvua na mavuno, na wengi walisimulia kuwa ana umbo la nyoka mkubwa. Wahaya walimjua Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, Irungu mwenye pori na uwindaji, na Kazoba mwenye jua. Ng'ambo ya ziwa, Waganda walimjua Mukasa wa visiwa vya Ssese. Mvuvi wa Bukoba aliyemwogopa Mugasha na mvuvi wa Kigiriki aliyemwogopa Poseidon wangekutana, wangeelewana kabla ya kujifunza lugha.

Basi tofauti iko wapi? Akili ni zilezile na hofu ni zilezile. Lakini wakoloni walipokuja, watoto wao shuleni walifundishwa habari za Zeus, ikaitwa elimu. Habari za Kolelo zikaitwa ushenzi. Nyoka wa Epidaurus akawekwa kwenye nembo. Nyoka wa Uluguru akachekwa.

Sababu moja ni dharau ya mtawala kwa mtawaliwa. Ipo na sababu ya pili, na hiyo iko mikononi mwetu. Hadithi za Wagiriki ziliandikwa.

Wagiriki nao hawakuzaliwa na kalamu. Kwa muda mrefu hadithi zao zilikuwa za mdomo, zikiimbwa na kusimuliwa jioni kama zetu. Kiasi cha miaka 800 kabla ya Kristo walijifunza herufi kutoka kwa Wafoinike, wafanyabiashara wa pwani ya Lebanoni ya leo. Herufi hizo hazikuwa na irabu. Wagiriki wakageuza baadhi yake ziwe irabu, ili waandike lugha yao vizuri. Kwa hiyo a, e, i, o, u ulizoanza nazo siku ya kwanza ya kisomo, na wao walihangaika nazo.

Tena mmoja wa waliosimulia habari za miungu hiyo hakuwa mfalme. Hesiod alikuwa mkulima na mchungaji wa kijiji kiitwacho Ascra. Katika utenzi mmoja alieleza ukoo wa miungu. Katika mwingine alieleza wakati wa kulima na kuvuna, na akawashutumu wakubwa waliokula rushwa katika kesi yake ya urithi na ndugu yake. Mkulima mmoja na ugomvi wa shamba, na leo tunamsoma!

Hata pwani yetu ina ushahidi wa jambo hili. Karibu miaka 2,000 iliyopita, mfanyabiashara mmoja kutoka Misri aliandika kwa Kigiriki habari za safari za bahari hii. Alitaja soko la mwisho la upande huu, liitwalo Rhapta, lililouza pembe za ndovu. Wataalamu wengi wanasema soko hilo lilikuwa katika pwani ya Tanzania. Waliouza na kununua hapo walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na jina lake na hadithi zake. Zote zimepotea. Kilichobaki ni karatasi za wageni waliojua kuandika.

Ndugu msomaji, wazee wanaojua habari za Kolelo na Mugasha wanapungua kila mwaka. Wengine hawakupata nafasi ya kujifunza kusoma. Wewe umeipata.

KAZI YA KUFANYA

1. Nenda kwa mzee mmoja wa kijijini kwako, mwanamume au mwanamke. Mwombe akusimulie hadithi moja ya zamani kuhusu mvua, ziwa, mlima au mavuno.
2. Iandike katika daftari kama alivyoisema. Usiongeze, usipunguze, hata kama dini yako haikubali.
3. Mwishoni andika jina la mzee, jina la kijiji na tarehe. Kisha msomee mwenyewe akusahihishe.

MANENO YA SOMO

Irabu: herufi a, e, i, o, u.
Kinubi: chombo cha muziki chenye nyuzi.
Lumbesa: gunia lililojazwa kupita kipimo.
Mhunzi: fundi wa kufua chuma.
Nembo: alama ya shirika, kampuni au nchi.
Theluthi: sehemu moja ya kitu kilichogawanywa mara tatu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Wagiriki walisema mungu wa wafanyabiashara ndiye pia mungu wa wezi? Toeni mfano kutoka soko mnalouzia mazao yenu.
2. Asclepius alitibu, Hygieia alikinga. Kijijini kwenu, nani anafanya kazi ya Hygieia?
3. Demeter hakuulizwa binti yake alipoozwa. Mnafikiri nani aulizwe kwanza: baba, mama au binti?
4. Kwa nini hadithi ya nyoka wa Ugiriki iliitwa elimu na ya nyoka wa Uluguru ikaitwa ushenzi?
5. Ni hadithi gani ya kijiji chenu itapotea kama haikuandikwa mwaka huu? Nani anaijua?